Irabu tano hazitoshi: mwongozo kamili wa kumzoesha mzungumzaji wa Kihispania irabu za Kiingereza

Mpe mwanafunzi wako karatasi yenye maneno matatu, *cat*, *cut* na *cot*, umwombe ayasome kwa sauti. Ikiwa alikulia kwenye Kihispania, *cat* na *cut* zitatoka sawa kabisa, zote kwa "a" ile ya *casa*. Akiwa amejifunzia Kiingereza cha Marekani, huenda hata *cot* ikaingia humo humo. Sasa geuza zoezi: wewe yasome, yeye aonyeshe kwa kidole umesoma lipi. Atasita, atabahatisha, kisha atakuuliza kama kweli ni maneno tofauti.

Swali hilo la mwisho ndilo la kushika. Watu wengi huanza kumsahihisha mdomo, ilhali shida imekaa sikioni. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kila herufi ina sauti yake moja. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, kwa hesabu ya jadi, kina irabu 12 za kawaida na nane unganifu, yaani zinazoanza kwa sauti moja na kuteleza hadi nyingine, kama ya *day*. Mwenye visanduku vitano akipewa vitu 20 avipange, atavirundika tu.

Sisi tunaosema Kiswahili tunalijua rundo hilo, maana irabu zetu ni tano zile zile. Kwa hiyo ukimfundisha Kiingereza mtu wa Kihispania, unasimama mahali ambapo mwalimu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza hajawahi kusimama. Yeye hakujifunza kutofautisha *ship* na *sheep*. Wewe ulijifunza, au bado unajifunza. Jipime kwanza kwa mtihani ulio hapa chini, na ukiona sikio lako nalo linayumba, tumia sauti za kamusi za mtandaoni badala ya kinywa chako. Si aibu.

Kwanza, chagueni lafudhi moja

Uingereza au Marekani, yoyote, ila iwe moja. Mwanafunzi anayesikia *hot* ya London leo na ya Chicago kesho anasikia irabu mbili tofauti, moja ikielekea "o" na nyingine "a", na kichwa chake hakitajua ipi ya kuhifadhi. Mwaka 1982 mwanafonetiki John Wells alipanga irabu za Kiingereza katika makundi 24 yanayotajwa kwa neno moja moja, kama *kit*, *dress*, *trap* na *strut*, ili watu wa lafudhi mbalimbali waweze kuzungumzia kundi lile lile la maneno bila kugombana juu ya sauti. Mtindo huo ni mzuri darasani: usiseme "i fupi" wala "i ndefu", sema "irabu ya *kit*". Nitaeleza baadaye kwa nini maneno "fupi" na "ndefu" yana sumu kwa mwanafunzi huyu.

Pima kabla ya kutibu

Mrekodi kwa simu akisoma maneno 20 yaliyochanganywa, bila sentensi, kisha hifadhi faili hilo na tarehe yake. Sentensi humsaidia msikilizaji kukisia, neno pweke halimsaidii.

Halafu mpe mtihani wa kusikia. Mchezee neno moja kutoka kwenye jozi, achague. Fanya mara 20 kwa kila jozi: *ship* na *sheep*, *cat* na *cut*, *bad* na *bed*, *full* na *fool*. Akipata 10 au 11 kati ya 20, anarusha shilingi juu. Akifika 18, hiyo jozi anaisikia, usiipotezee muda wa masikio. Utashangaa matokeo yanavyotofautiana kati ya mtu na mtu. Mtu wa mashariki mwa Andalusia, tuseme Granada, hudondosha "s" ya mwisho wa neno na kufungua irabu inayobaki, kiasi kwamba wingi wa nomino husikika kwenye uwazi wa irabu. Huyo ameshazoea kwamba "e" inaweza kuwa na sura mbili. Na wa Jiji la Mexico mara nyingi hudhoofisha irabu zisizo na mkazo, hasa zikipakana na "s". Yeye ana mlango wa kuingilia kwenye shwa, ile irabu dhaifu ya silabi zisizo na mkazo, tutakayoifikia. Muulize anatoka wapi kabla hujampangia masomo.

Sikio, dakika kumi kila siku

Chukua jozi moja. Moja tu. Tafuta maneno yanayotofautiana kwa irabu peke yake, yale ambayo wanaisimu huyaita jozi za mlinganuo finyu:

*ship – sheep, live – leave, fill – feel, sit – seat, chip – cheap, hit – heat*

Kusanya sauti za watu tofauti wakiyasema: mwanamke, mwanamume, kijana, mzee. Hili la sauti nyingi si pambo. Mwaka 1991 watafiti Logan, Lively na Pisoni waliwafunza Wajapani kusikia tofauti ya "r" na "l" za Kiingereza kwa kuwachezea maneno mengi kutoka kwa wasemaji kadhaa, wakiwaambia papo hapo kama wamepata au wamekosa, na masikio yao yakaboreka. Miaka michache baadaye, mwaka 1997, Bradlow na wenzake wakaonyesha kwamba mafunzo ya namna hiyo, ya kusikiliza tu, yaliboresha hata utamkaji. Zoezi lilikuwa la konsonanti, lakini mbinu hiyo imetumika sana kwenye irabu pia.

Mambo mawili yasikosekane. Jibu lije mara moja baada ya kila neno, si mwisho wa zoezi. Na mwanafunzi asione maandishi kabla ya kuchagua, vinginevyo jicho litamjibia. Mpe picha, au namba 1 na 2.

Akifikisha 18 kwa sauti ambazo hajawahi kuzisikia, nenda jozi nyingine. Wengine hufika kwa siku nne, wengine wiki tatu.

Irabu ya *kit*: kati ya sí na sé

Sasa kinywa. Anza hapa, kwa sababu *it*, *is*, *this*, *in*, *with*, *will* zimo katika kila sentensi ya Kiingereza, na pia kwa sababu *sheet* na *beach* zikitamkwa kwa irabu ya *kit* hugeuka matusi. Hofu hiyo huwafanya wengine waikimbie irabu yenyewe. Waambie mapema, mcheke, muendelee.

"i" ya Kihispania iko jirani sana na irabu ya *sheep*. Kwa hiyo *sheep* hupati shida kubwa nayo. Irabu ya *ship* ndiyo haina kisanduku. Mahali pake ni kati ya "i" na "e", na mwanafunzi anazo zote mbili, kwa hiyo mpeleke kwa ngazi anazozijua:

Aseme *sí*, airefushe. Bila kukata pumzi, aiteremshe polepole hadi *sé*, kama anayepunguza sauti ya redio. Arudi juu. Ashuke tena. Mara ya tatu mwambie asimame katikati. Aweke kidole chini ya kidevu: kwenye *sí* taya limejifunga na midomo imenyooka kama anayetabasamu, katikati taya limelegea kidogo na tabasamu limekufa. Hiyo ndiyo *kit*. Aishike sekunde mbili, kisha aifupishe na kuizungushia konsonanti: *it, sit, this, ship*.

Kulegea ndilo neno la kumrudishia. Mwanafunzi wa Kihispania ana misuli iliyozoea irabu zilizokazwa, zenye mipaka, na hapa anatakiwa aache kazi nusu.

Sasa ile sumu. Vitabu vingi vya shule vinamwambia *sheep* ni "i ndefu" na *ship* ni "i fupi", naye anatii: anatumia "i" ile ile ya Kihispania, moja akiivuta na nyingine akiikata. Kosa limejificha tu. Katika Kiingereza, urefu wa irabu hutegemea sana konsonanti inayofuata: mbele ya *p, t, k* irabu hukatwa, mbele ya *b, d, g* hurefuka. Matokeo yake ni kwamba irabu ya *beat* inaweza kuwa fupi karibu sawa na ya *bid*. Anayetegemea urefu atapotea hapo. Kwa hiyo jozi ya kumpima kweli ni *beat – bid*, na *seat – Sid*. Akizitofautisha vizuri, amejenga kisanduku kipya, hakukivuta cha zamani.

Anayependa namba atumie Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Rekodi neno, weka kishale katikati ya irabu, usome formanti ya kwanza na ya pili, yaani masafa ambayo kinywa huyapa nguvu zaidi kulingana na umbo lake. Kadiri ulimi unavyoshuka ndivyo formanti ya kwanza inavyopanda, na kadiri unavyosogea mbele ndivyo ya pili inavyopanda. Watafiti Peterson na Barney walipopima irabu za Wamarekani mwaka 1952, wanaume walikuwa na wastani wa hezi 270 na 2290 kwenye *heed*, na 390 na 1990 kwenye *hid*. Wanawake na watoto huwa na namba za juu zaidi, kwa hiyo usimlinganishe mwanafunzi na jedwali. Mlinganishe na nafsi yake: je, *ship* zake kumi na *sheep* zake kumi zimekaa mafungu mawili, au zimechanganyika?

Zile "a" tatu

Hapa pana kazi nzito kuliko kwenye *kit*. "a" ya Kihispania imekaa katikati ya kinywa, chini, na inanyonya kila kitu kilicho karibu nayo. Mtafiti James Flege ametetea kwa miaka mingi wazo kwamba sauti ngeni inayofanana na ya kwako ni ngumu kuliko iliyo ngeni kabisa, na *cut* ni ushahidi unaotembea.

*Cat.* Aanze na "e" ya *pero*. Ulimi ubaki mbele, ncha ikigusa nyuma ya meno ya chini, na taya lishuke hadi vidole viwili vipite kati ya meno. Midomo ivutwe pembeni kidogo. Sauti itakayotoka itamtia aibu, atasema inafanana na mbuzi. Mwachie. Akiona haya atairudisha kwenye "a" ya *casa*, na akiogopa kufungua taya atasema *bed* badala ya *bad*. Zoezi la pande mbili: *man – men, bad – bed, sad – said, pan – pen*.

*Cut.* Taya nusu wazi, midomo haifanyi lolote, ulimi umelala katikati. Ni sauti inayotoka mtu anapogongwa tumboni ghafla. Fupi, bila juhudi. Mwanafunzi akiuliza midomo aiweke vipi, jibu ni: usiiweke.

Ya tatu hutegemea lafudhi mliyochagua. Kwa Marekani ni irabu ya *cot* na *father*: ulimi nyuma na chini, koo wazi, kama anayemwonyesha daktari koo. Kwa kusini mwa Uingereza, *father* na *cart* ndizo zenye sauti hiyo, na *cot* ina irabu yake fupi yenye midomo ya mviringo.

Akishazipata mojamoja, afanye safari: *cat, cut, cart*, kutoka mbele kwenda nyuma, mkono ukisogea hewani sambamba na ulimi. Mkono unasaidia kuliko maelezo. Kisha ovyo ovyo, wewe ukielekeza kidole. Kisha kwenye vifungu: *a bad cut, the last bus, my aunt's hat*.

Full na fool

Hizi zina mantiki ile ile ya *sí – sé*, ila kwa nyuma: aseme *su*, ateremke kuelekea *so*, asimame njiani, alegeze midomo. Jozi za maneno ni chache (*pull – pool, full – fool, look – Luke*), na muktadha karibu kila mara huokoa. Mpe siku mbili tatu. Kinachofaa zaidi ni kurudia maneno ya kila siku yenye irabu hii: *good, could, would, should, put, book*.

Irabu unganifu

Hapa Kihispania kina akiba. *Day* ni jirani ya *ley*, *my* ni jirani ya *hay*, *boy* ya *voy*, *now* ina kitu cha *causa*. Upungufu ni mmoja: mwendo wa "o" kwenda "u" ni nadra katika Kihispania, kwa hiyo *no* ya Kiingereza hutoka kama *no* ya kwao, kavu na isiyosogea. Afunge midomo polepole mwishoni, kama anayezima mshumaa. Apambanishe *low – law, boat – bought*.

Shwa, na maneno yanayojifanya ndugu

Andika maneno haya ubaoni: *animal, hospital, doctor, color, popular, natural, chocolate*. Kwa tahajia ya Kimarekani, yote ni ya Kiingereza na yote ni ya Kihispania, herufi kwa herufi. Mwanafunzi hufurahi kuyaona, na ndiyo yanayomsaliti kuliko mengine yote.

Kihispania hukipa kila kiti cha irabu abiria kamili: *a-ni-MAL, os-pi-TAL, doc-TOR, cho-co-LA-te*. Kiingereza huchagua silabi moja ya kupewa mkazo, na zilizobaki mara nyingi hudhoofika hadi shwa, ile sauti isiyo na umbo inayoandikwa kwa "e" iliyopinduliwa, ə. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake. *Doctor* ni DOK kisha mguno. *Animal* huanza kwa irabu ya *cat*, halafu inaporomoka. *Chocolate* kwa wengi imebaki silabi mbili.

Nafanya hivi. Kwanza mwanafunzi anaguna mdundo bila maneno, mdomo umefumbwa: MM-mm kwa *doctor*, MM-mm-mm kwa *hospital*, mm-MM-mm kwa *banana*. Pili, anatamka silabi yenye mkazo peke yake kwa sauti kubwa huku akiinuka kidogo kwenye kiti: HOS. Tatu, anarudi kukaa, na silabi zilizobaki anazinong'ona akiwa ameshakaa. Kuna anayeona mchezo huu wa kitoto, lakini mwili unashika kile ambacho maelezo ya mkazo hayashikishi. Mtu wa Jiji la Mexico atashika haraka. Wa Madrid atabishana nawe wiki nzima.

Kisha maneno madogo: *to, for, of, at, and, can*. Katika mazungumzo, maneno haya huwa na shwa. Lenye madhara zaidi ni *can*. Mwingereza au Mmarekani husema *I can go* akiimeza *can*, na *I can't go* akiitamka wazi, ile "t" ya mwisho mara nyingi ikiwa haisikiki vizuri. Mwanafunzi anayetamka *can* kwa irabu kamili husikika amekataa. Amekubali mkutano, wenzake wakaelewa haji. Mazoezi ishirini kwa siku: *I can come, I can see it, we can try*, mkazo wote kwenye kitenzi.

Irabu ambayo haipo

Kihispania hakiruhusu neno lianze kwa "s" na konsonanti nyingine, ndiyo maana kuna *escuela*, *España*, *estrés*. Tabia hiyo huvuka mpaka: *eschool, estudent, espeak*. Tiba ni kuanza na nyoka: "sssss" ya sekunde mbili, kisha *chool*. Asaidiwe pia na neno linaloishia kwa "s": *this school, gas station, Chris speaks*, zikiunganishwa, halafu neno la kwanza liondolewe kimyakimya.

Mwisho wa vitenzi vya wakati uliopita nako huchomekwa irabu: *work-ed, look-ed*. Ile *-ed* huwa silabi tu baada ya "t" au "d", kama *wanted* na *needed*. Kwingine ni konsonanti tupu.

Tahajia ije mwisho

Mchapaji wa vitabu William Caxton alianzisha kiwanda chake cha kuchapa Westminster, Uingereza, mwaka 1476, wakati irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mageuzi makubwa yaliyochukua karne kadhaa. Maandishi yakaanza kuganda, vinywa vikaendelea kusogea. Kwa hiyo *food*, *good* na *blood* zina "oo" tatu zisizofanana, na mtu aliyelelewa kwenye Kihispania, lugha ambayo irabu zake husomwa kama zilivyoandikwa, huona huo ni usaliti. Ni kweli.

Utaratibu ni huu: neno jipya lisikiwe kwanza, litamkwe, ndipo lionwe. Na weka daftari la maneno ambayo herufi zake zinadanganya, yakipangwa kwa sauti. Ukurasa wa *cut* utajaa haraka: *son, love, month, mother, company, country, young, trouble, blood*. Ukurasa wa *kit* una *women* na *busy*.

Ratiba ya wiki

Dakika kumi za sikio na tano za kinywa, siku tano, zinashinda saa nzima ya Jumamosi. Jumatatu hadi Jumatano, jozi moja mpya. Alhamisi, jozi hiyo ndani ya vifungu vya maneno matatu manne. Ijumaa, mazungumzo ya kawaida ambamo unasahihisha jozi hiyo peke yake, makosa mengine unayaacha yapite hata kama yanakuwasha.

Kuandikisha kwa sauti kwenye simu, yeye akisema na simu ikiandika, ni mwamuzi mzuri asiye na huruma, mradi atamke neno moja moja. Akisema sentensi nzima, simu hukisia kwa muktadha na kumpa sifa asizostahili.

Baada ya wiki nane, toa yale maneno 20 ya mwanzo, ayarekodi upya bila kujiandaa. Mchezee faili la kwanza kabla ya la pili, kisha mwachie yeye akuambie neno gani limebadilika na lipi bado. Atakayoyataja kuwa bado ndiyo jozi za wiki inayofuata.